Jina Refu Hukatwa Wapi?

Mwezi wa Julai unapoanza, shule za Bukavu hufanya proklamasio. Wazazi hujaa uwanjani, mwalimu husimama na orodha mkononi, na majina ya wanafunzi husomwa moja moja pamoja na asilimia walizopata. Mtoto wa Kadutu au wa Bagira husikia majina yake yote yakitamkwa mbele ya mtaa mzima, na hapo ndipo majina marefu ya Mashi, lugha ya wenyeji wa hapa, hupasuliwa vibaya. Chukua Mulumeoderhwa, jina la kawaida kabisa huku kwetu. Msomaji huanza vizuri, mu-lu-me, kisha anakutana na e na o zilizokaa bega kwa bega. Anasita, anazimeza pamoja, anaangukia kwenye rundo la rhw, analipasua katikati, na jina linatoka “Mulumyo-der-wa”. Mama aliyekaa safu ya nyuma hageuki hata kidogo. Hajasikia jina la mwanawe.

Watu husema jina kama hilo ni gumu kwa sababu ni refu. Mimi sikubali. Mulumeoderhwa lina herufi 13 na silabi sita: mu-lu-me-o-de-rhwa. Mtoto wa darasa la pili anatamka “watakapokumbushana”, herufi 18 na silabi nane, bila kufikiri. Urefu haumsumbui mtu anayejua mahali pa kukatia. Muwa wenyewe haukatwi popote; mkono hutafuta pingili. Shida yetu katika Kivu ni kwamba shuleni tumefundishwa kutafuta pingili za Kifaransa ndani ya maneno yasiyo ya Kifaransa, tukazizoea kiasi cha kuziona hata pale ambapo hazipo.

Tuanze na kanuni yenyewe, kwa sababu ni fupi. Katika Kiswahili, katika Mashi, na katika lugha nyingi za Kibantu zinazozunguka Ziwa Kivu, silabi huishia kwenye vokali. Konsonanti zinazotangulia vokali, ziwe moja, mbili au tatu, hushikamana na vokali inayozifuata. Kwa hiyo tunakata nyu-mba, si nyum-ba. Tunakata mu-ntu, Ki-nsha-sa, Ba-nda-ka, Lu-bu-mba-shi. Ile m au n inayosikika puani kabla ya b, d, g, t au z haifungi silabi iliyopita. Inafungua inayokuja.

Kifaransa kina kanuni nyingine, na kwa Kifaransa kanuni hiyo ni sahihi. Konsonanti mbili zikikaa kati ya vokali mbili, moja hubaki nyuma na nyingine huenda mbele: par-tir, can-ton. Tena katika canton ile n haisikiki kabisa kama n. Imeyeyuka ndani ya vokali, na kinachobaki ni “a” ya puani. Mwanafunzi wetu anajifunza hivyo asubuhi. Mchana anafungua orodha iliyoandikwa Nabintu na kukata kwa kisu kilekile: Na-bin-tu. Silabi ya katikati inageuka kuwa sauti ileile ya neno la Kifaransa bain, n inapotea, na t inabaki peke yake bila mwenzake. Jina la mji wa Kindu linapata ajali hiyohiyo kwenye redio za Ufaransa na Ubelgiji. Hao tunawaelewa, wanasoma kwa lugha yao. Lakini mzaliwa wa Nyangezi anayesoma “Nyan-ge-zi” na kufanya ge iwe “je”, huyo ameikopa hukumu ya lugha nyingine juu ya kijiji chake mwenyewe. Ni nya-nge-zi, na g ni ile ya “gari”.

Kuna watakaouliza: nani aliyeamua kwamba ni mu-ntu na si mun-tu? Je, si mapatano ya walimu tu? La. Ushahidi upo, na mwingine umehifadhiwa vinywani mwa watoto.

Pwani ya Waswahili kuna mchezo wa maneno uitwao kinyume. Silabi ya mwisho huhamishwa mbele, ili wakubwa wasielewe. Ng'ombe huwa mbeng'o, na nyumba huwa mbanyu. Angalia m inakwenda wapi. Kama silabi za nyumba zingekuwa nyum na ba, mchezo ungetoa “banyum”. Hakuna mtoto anayesema hivyo. M inahama pamoja na b, kwa sababu katika sikio la mzungumzaji ni kitu kimoja. Watoto hao hawajafundishwa isimu, wala hawajaambiwa silabi ni nini, na bado wanakata palepale kila mara.

Ushahidi mwingine uko Uganda. Katika Luganda, neno omuntu lina u iliyorefuka kidogo kuliko u ya kawaida, kwa sababu tu inafuatwa na nt. Wanaisimu huieleza hivi: sauti ya puani imehama kwenda silabi inayofuata, na nafasi iliyoacha imechukuliwa na vokali. Kama n ingekuwa bado imekaa mwisho wa silabi iliyotangulia, vokali isingekuwa na sababu ya kurefuka. Sikiliza Mganda mzee akisema polepole na utaisikia.

Na hapa Kongo tunao ushahidi wa ngoma. Walokele wanaoishi kandokando ya mto karibu na Kisangani walikuwa mabingwa wa ngoma inayosema. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi miaka mingi Yakusu, aliichunguza ngoma hiyo na mwaka 1949 akatoa kitabu, Talking Drums of Africa. Ngoma ina sauti mbili, ya juu na ya chini, na kila silabi hupata pigo moja. Songe, yaani mwezi, na koko, yaani kuku, yote ni mapigo mawili ya juu, hivyo kwa ngoma tupu hayatofautiki. Mpigaji huongeza maneno: kwa mwezi hutaja kwamba unaitazama dunia kutoka juu, na kwa kuku huongeza usemi mwingine, mpaka msikilizaji wa kijiji cha mbali ajue ni kipi kinachosemwa. Neno refu kwa Walokele lilikuwa dawa ya utata. Nami napenda hesabu ile: songe, mapigo mawili, si matatu. Ile n haipati pigo lake.

Sasa niseme jambo linalowagusa Waswahili wa pwani na Waswahili wa Bukavu kwa pamoja, maana mara nyingi tunachekana bure. Pwani husema mtoto, sisi husema mutoto. Wao mtu, sisi muntu. Wao mpira, sisi mupira. Msomi wa Dar es Salaam anaposikia u hizo hudhani tumezidisha. Hesabu silabi: m-to-to ni tatu, mu-to-to ni tatu. M-tu ni mbili, mu-ntu ni mbili. Pwani wameitoa u, lakini m imebaki imekaa kwenye kiti chake kama silabi kamili, na mshairi wa mizani anajua hivyo. Akihesabu mizani nane za kipande, m ya mtoto huhesabiwa moja. Hata mkazo huiheshimu: katika “mtu”, mkazo unaangukia kwenye m yenyewe.

Kwa sababu hiyo, Kiswahili cha Bukavu ni msaada kwa yeyote anayetaka kuukata vizuri Kiswahili cha pwani. Tazama neno “mbaya”. Kwenye karatasi, “mtu mbaya” na “nyumba mbaya” vina kivumishi kimoja. Mdomoni ni viwili. Katika mtu mbaya, m ni ile mu- ya ngeli ya watu iliyopoteza vokali yake, kwa hiyo ni m-ba-ya, silabi tatu. Katika nyumba mbaya, m imeungana na b, nayo ni mba-ya, silabi mbili. Maandishi hayakuonyeshi tofauti. Muulize mtu wa Kadutu naye atakuonyesha mara moja: muntu mubaya, lakini nyumba mbaya. Na maneno mafupi kama mbwa na nchi, ambayo pwani ni m-bwa na n-chi, silabi mbilimbili, huku kwetu yamepewa vokali ya mbele, imbwa na inchi, na hesabu ikabaki mbili. Kinywa kimeongeza herufi ili kisipoteze silabi.

Nirudi kwenye Mashi, kwa sababu ndiko kwenye majina yanayoteseka zaidi. Herufi mbili zinahitaji maelezo kabla hujaanza kukata. C ni ile sauti Waswahili wanayoandika ch. Ciherano ni chi-he-ra-no. Kwa Mfaransa c mbele ya i ni s, na ndiyo maana Cirhuza hugeuka “Siruza” mdomoni mwa wengi. Enzi za Wabelgiji sauti hiyo iliandikwa tsh, na bado utakuta familia moja ambayo babu ameandikwa Tsh-, baba Ch-, na mjukuu C-, watu watatu wenye jina moja na mafaili matatu.

Herufi ya pili ni rh, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Si r ya kawaida iliyopambwa. Ni r isiyo na ghuna, inayotoka na pumzi, na kwa asili ni ndugu wa t ya Kiswahili. Pale Kiswahili kinaposema tu- kwa maana ya sisi, Mashi husema rhu-. Tano ni rhanu, na tatu ni sharhu. Kwa hiyo anayesoma Murhula kama “Murula” ameiondoa sauti nzima, sawa na mtu anayeita tano “rano”. Na kwa kuwa rh ni sauti moja, haipasuliwi: mu-rhu-la, i-rha-mbi, ci-rhu-za. Irhambi kwa kisu cha Kifaransa huwa “I-ram-bi”, makosa mawili ndani ya silabi tatu.

Kuna majina ambayo macho huyaogopa kwa sababu konsonanti zimerundikana, ingawa ni mafupi sana. Ngweshe, ile himaya iliyoko Walungu, lina herufi saba, tano kati yake konsonanti, na bado ni silabi mbili tu: ngwe-she. Luhwinja ni lu-hwi-nja. Wengine huandika Luhwindja, kwa sababu Kifaransa hakitamki j kama sisi na mwandishi aliona aongeze d kumsaidia Mfaransa. Jina la Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa hapa mjini Oktoba 1996, tunalisikia kila mwaka kwenye kumbukumbu yake, na mara nyingi linasomwa “Mun-zi-ir-wa”. Ni mu-nzi-hi-rwa. H ya katikati isikike, na r na w zisiachanishwe. Mtu aliyetuachia mfano ule anastahili silabi zake zote nne. Na jina la Daktari Denis Mukwege, ambalo dunia nzima ililisikia mwaka 2018 alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, ni mu-kwe-ge, g ngumu, mkazo kwenye kwe.

Labda msomaji mchanga ajiulize kwa nini majina yetu marefu yamejaa kwenye karatasi kuliko ya majirani. Sababu moja ni ya kisiasa. Mwaka 1972, katika siasa ya kurudi kwenye uhalisi, utawala wa Mobutu ulipiga marufuku majina ya Kikristo ya Kizungu, na kila raia wa Zaire akatakiwa kutumia majina ya mababu. Aliyeitwa Joseph na jina moja la ukoo alitafuta la pili, la babu au la bibi. Majina ya ubatizo yalirudi baadaye, ila yale ya mababu hayakuondoka, ndipo tukabaki na utaratibu wa leo wa majina matatu, moja likiitwa postnom. Majina yaliyokuwa yakiitwa uani na shambani yakaingia ghafla kwenye mashine za kuchapa za ofisi. Makarani wengi walikuwa wamesoma silabi kwa Kifaransa. Rh ikaandikwa r, h ikadondoka, nw ikawa n. Ndiyo maana leo ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa Mulumeoderhwa na Mulumeoderwa, na mmoja wao akasumbuliwa anapodai urithi.

Sasa mkato wa pili, wa maana. Mengi ya majina marefu ya Mashi ni sentensi au maneno yaliyounganishwa. Mulumeoderhwa ni mulume, mwanamume, na oderhwa, anayesemwa, yule ambaye habari zake ziko vinywani mwa watu. Nabintu ni mwanamke mwenye vitu. Ukijua viungo hivyo, nusu ya shida imekwisha, kwa sababu unajua kwamba kati ya e na o kuna mpaka wa maneno mawili, na vokali hizo haziwezi kuyeyushwa kuwa moja. Vokali mbili zilizokutana ni silabi mbili, kama Kiswahili kinavyofanya katika ki-o-o na sa-a.

Lakini mkato wa maana hauendi na mkato wa mdomo siku zote, na hapa hata walimu hujikwaa. Oderhwa imejengwa kwa mzizi -derh-, kusema, kisha w ya kutendwa, kisha a. Kwa maana tungekata derh, w, a. Kwa mdomo tunakata de-rhwa. Mpaka wa maana unapita katikati ya silabi. Kiswahili kinafanya hivyohivyo: “andikwa” kwa sarufi ni andik, w, a, ila mdomoni ni a-ndi-kwa. “Mwana” ni mu- na -ana, ila mdomoni ni mwa-na. “Wengi” ni wa- na -ingi, na humo mpaka umepotea kabisa ndani ya e. Mwalimu anayemfundisha mtoto kusoma kwa sauti asichanganye kazi hizi mbili. Kwanza mdomo. Sarufi ije somo lingine.

Lugha za kaskazini ya Ulaya zina tabia tofauti, na ni vizuri kuzitazama kidogo, hasa kwa kuwa baadhi ya jamaa zetu wa Kivu wamepewa makazi huko na watoto wao wanajifunza kusoma Kidenmaki. Wadenmaki huunganisha nomino bila kuacha nafasi. Posho ya mtu asiye na kazi ni arbejdsløshedsunderstøttelse: arbejde ni kazi, løshed ni hali ya kukosa, understøttelse ni msaada, na kati yake kuna s za kuunganishia. Herufi ni 28 na silabi tisa tu, kwa sababu silabi zao hufungwa kwa konsonanti, tena nyingi. Mdenmaki hukata kwanza kwenye viungio, na s ya kuunganishia hubaki na neno la nyuma: arbejds, løsheds, understøttelse. Kisha anameza. Ile d ya under haisikiki, na ile ya heds imelainika kama dh ya dhahabu. Maandishi yao yameweka viungo vyote, mdomo umepunguza. Sisi karibu kila herufi tunayoandika tunaitamka, na hilo ni jambo la kumpa moyo mtoto wa Mkongo anayeogopa maneno marefu ya kwao.

Kuna neno moja lililosafiri kutoka huko kaskazini hadi milangoni mwetu. Wadenmaki humwita mkuu wa mji borgmester, Waholanzi burgemeester. Neno limeunganishwa kutoka mji na mkuu. Wabelgiji waliliandika bourgmestre, wakalileta Kongo, na mpaka leo komini za Ibanda, Kadutu na Bagira kila moja ina wake. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Wanyarwanda walilipokea wakalisema burugumesitiri. Borgmester ni silabi tatu, na r na g yake karibu zinamezwa. Burugumesitiri ni saba: bu-ru-gu-me-si-ti-ri. Wanyarwanda hawakuliharibu neno hilo. Kila konsonanti iliyokuwa imebanwa ilipewa vokali ya kusimamia, ili silabi zote zifunguke. Mtu akitaka kuiona kanuni yetu ikifanya kazi bila mwalimu, atazame hapo.

Mji wetu wenyewe umepita kwenye mtihani huo. Hadi miaka ya 1950 kwenye ramani uliitwa Costermansville, jina la Paul Costermans, ofisa Mbelgiji wa Dola Huru la Kongo, likiunganishwa na neno la Kifaransa la mji. Ndani yake konsonanti tatu, n, s na v, zinakutana bila vokali yoyote kati yake. Jina lililorudi ni Bukavu, ambalo kwa simulizi iliyozoeleka linatokana na bunkafu, mahali pa ng'ombe. Bu-nka-fu kwa kinywa cha msemaji wa Mashi. Sauti ya puani ikadondoka njiani, f ikawa v.

Na Bukavu linatupeleka kwenye mkazo. Mfaransa husema “BukaVU”, kwa sababu lugha yake hubonyeza mwisho. Mswahili husema BuKAvu. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hata neno lirefuke vipi: mfanyabiaSHAra, watakapokumbuSHAna. Mdenmaki hufanya kinyume chake. Maneno yake yaliyounganishwa hubonyezwa mwanzoni, kwenye kiungo cha kwanza, na vinavyofuata hushuka. Watu wa Iceland nao hivyohivyo. Aprili 2010 volkano yao Eyjafjallajökull ilifunga anga za Ulaya, maua ya Kenya yakaozea kwenye maghala kwa kukosa ndege, na watangazaji wa dunia nzima wakashindwa na jina hilo. Lina viungo vitatu: visiwa, milima, barafu, na nguvu yote iko kwenye silabi ya kwanza. Mei 2021 ilipolipuka Nyiragongo, ilikuwa zamu ya jina letu kuvunjwa: “Ni-ra-gon-GO”. Nyi-ra-go-ngo. Ny ni sauti moja, ng ni pamoja na o inayoifuata, na uzito uko kwenye go ya kwanza.

Kutokana na mkazo huo ndipo inapotoka njia ninayowapendekezea wote wanaosoma hadharani, watangazaji, makatekista, walimu: neno refu la Kiswahili ujifunze kuanzia mkiani. Sema sha-na. Kisha mbu-sha-na. Kisha ku-mbu-sha-na. Ongeza po, ka, ta, wa. Kila unapoongeza, mkazo haujasogea, bado uko kwenye sha, na ulimi unakuwa umeshauzoea mwisho kabla haujafika. Anayeanzia kichwani hufika katikati pumzi imekwisha, na hapo ndipo hukata popote. Kwa neno la Kidenmaki ufanye kinyume, uanze mbele, maana nguvu iko huko. Kwa majina ya Mashi kuna jambo la kuongeza: Mashi ni lugha ya toni, kila silabi ina kimo chake cha sauti, juu au chini, na maandishi ya kawaida hayakuonyeshi. Hakuna kanuni ya kukuokoa hapo. Muulize mwenye jina alitamke, ulisikilize, ulirudie mbele yake kabla hujapanda jukwaani.

Limebaki la wachapaji. Programu nyingi za kuandikia tunazotumia hapa zimewekwa Kifaransa, na mstari ukijaa huvunja maneno yetu kwa desturi hiyo: nyum-ba, Mun-gu, Ban-tu. Ni heri kuzima ukataji huo wa kujiendesha na kuvunja kwa mkono. Kistari kiwekwe baada ya vokali. Ch, sh, ny, rh, dh na gh zisitenganishwe, wala mb, nd, ng na nz. Ng na ritifaa yake viende pamoja: ng'o-mbe. M inayosimama peke yake kama silabi, kama ya mtoto au mpira, isiachwe yatima mwisho wa mstari. Ibebe pamoja na silabi inayoifuata. Maneno ya asili ya Kiarabu yana silabi chache zilizofungwa, na hayo yanakubali kukatwa kwenye konsonanti: lab-da, mak-ta-ba, taf-si-ri. Na neno likiwa limeunganishwa kutoka maneno mawili, chagua kwanza kiungio, kama Wadenmaki wanavyofanya. Kwetu ni rahisi kuliko kwao, kwa kuwa neno la kwanza karibu daima huishia kwenye vokali, na mkato wa maana na mkato wa mdomo hukutana mahali pamoja: mfanya-biashara, mwana-jeshi, Mulume-oderhwa.